Mbuzi wa Mwekundu

Watu wa Kildare, huko Ireland, watakuambia Dympna Kinsella alikuwa na roho mbaya. Wanasema kweli, ila hawakuambii ni nani aliyeiharibu roho hiyo.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na sita katika mazizi ya Redmond Tyrrell, mkufunzi wa farasi wa mbio aliyesifika kuliko wote pale ukingoni mwa uwanda wa Curragh. Miaka kumi na mmoja aliamka alfajiri kuzoa samadi, kupiga brashi, kupapasa miguu ya farasi akitafuta joto la maumivu. Kisha akakabidhiwa farasi dume mchanga wa damu safi. Katika vitabu vya mbio aliitwa Cnoc Rua, yaani Kilima Chekundu. Dympna alimwita Mwekundu. Mnyama huyo aling'ata watu, akapiga kuta mateke, akazunguka bandani mpaka mbavu zikahesabika.

"Huyu ni wa buchani," Tyrrell alisema mbele ya wafanyakazi thelathini.

"Si mbaya, bosi, ni mwoga. Anataka mwenzake wa kulala naye. Mtafutie mbuzi, kama wazee walivyokuwa wakifanya."

"Mbuzi wa nini na wewe upo? Kalale naye wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Dympna hakuwa na breki mdomoni. "Humu waoga ni wawili, bosi. Ila anayekula majani ni mmoja tu."

Alifukuzwa papo hapo, mbele ya wale wale thelathini. Hilo angelimeza. Alichoshindwa kumeza ni kwamba Tyrrell aliwatangazia kuwa amemfukuza kwa ulevi, kisha akawapigia simu wakufunzi wenzake kuwaambia hivyo hivyo. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na hakuna zizi lililomtaka. Miezi minane aliosha sahani katika hoteli ya Newbridge, mwanamke ambaye hajaonja hata bia tangu pombe imuue baba yake. Hapo kwenye karai la maji machafu alikula kiapo: maneno yale Tyrrell atayatapika mbele ya watu, kama alivyoyasema mbele ya watu.

Mwenye farasi, Bwana Lenihan, alikuwa amemhamishia Mwekundu kwa Fintan Moloney, mkufunzi mdogo mwenye paa linalovuja. Naye akashindwa. Siku moja akaingia jikoni hotelini, kofia mkononi.

"Wewe ndiye uliyesema mbuzi?"

"Ni mimi."

"Basi vua hiyo aproni, dada, twende."

Dympna alinunua mbuzi wake mwenyewe, jike mweupe mwenye pembe moja, akamwita Philomena. Usiku wa kwanza tu Mwekundu alijinyoosha kwenye majani, akalala fofofo.

Akiwa na miaka miwili Mwekundu alikimbia mara nne, akashinda mara nne. Alipofika mitatu akatwaa Derby ya Ireland, mbio kubwa za farasi wa umri huo, palepale Curragh, farasi wa Tyrrell akija wa pili. Dympna alimwongoza bingwa wake makusudi mpaka mbele ya Tyrrell, akasimama.

"Shikamoo, bosi. Yule wa buchani ndiye huyu."

Alifurahi, tena sana. Lakini maneno yalikuwa bado hayajatapikwa.

Kisha Lenihan, mtu wa kulainishwa kwa sahani ya samoni, akaalikwa mezani kwa Tyrrell mara tatu, na bingwa, sasa wa miaka minne, akarudishwa kwa Tyrrell. Farasi hakuwa wa Dympna. Mbuzi alikuwa wake. Alimfungulia mlango Mwekundu, akamfunga kamba Philomena.

Tyrrell alileta mbuzi watatu wengine. Wa kwanza aling'atwa sikio, wa pili akarushwa juu ya mlango, wa tatu aliona mambo hayo akagoma kuingia. Juma moja kabla ya mbio za mabingwa za Leopardstown, gari la Tyrrell likasimama nje kwa Dympna.

"Dympna, farasi hali chakula."

"Pole yake."

"Niazime mbuzi. Nakuomba."

"Umchukue bure. Sema tu mbele ya watu kwamba ulinisingizia."

"Nasema hapa. Nilikusingizia."

"Hapa pana mimi na paka. Watu uliwakusanya thelathini, Redmond."

Akamfungia mlango.

Siku ya mbio Dympna alikwenda Leopardstown, na Philomena alikuwa kwenye gari, hatua hamsini tu kutoka mabanda ya farasi. Alimtumia Tyrrell habari hizo. Alitaka ajue dawa iko karibu kiasi gani.

Mwekundu alitolewa kutembezwa mbele ya umati. Jasho lilimtoka povu, nyonga zimechongoka. Alipomfikia Dympna pale kwenye uzio akakita miguu, akachomeka pua ndani ya koti lake lililonuka mbuzi. Alitafuta mfuko huu, akatafuta ule, akalia sauti nyembamba ambayo Dympna hakuwahi kuisikia.

Tyrrell alisimama hatua tatu tu kutoka hapo, Lenihan na matajiri wengine pembeni yake. Midomo ilimcheza. Alimtazama Dympna, akawatazama matajiri, akavuta kofia machoni.

Dympna naye angeweza kusema neno moja. Mbuzi angefika kabla kengele haijalia. Moyo ulimwambia sema. Kiapo kikamwambia ngoja, huyu anakaribia kuvunjika. Akangoja. Kengele ikalia, wapanda farasi wakapanda.

Mwekundu alikuja wa mwisho. Alivuka mstari akitembea, na uwanja mzima ukazomea.

Hapo ndipo Tyrrell alipovunjika. Alivua kofia mbele ya Lenihan, mbele ya matajiri na watunza farasi wote, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwanamke huyu sijawahi kumwona akinywa. Nilidanganya. Nilimharibia jina kwa sababu alisema kweli."

Yalikuwa maneno yale yale aliyoyangoja, hata moja halikupungua. Watu walimgeukia Dympna, mmoja akampa mkono. Hakuupokea. Mwekundu alikuwa akirudishwa, kichwa chini, akichechemea.

"Mwekundu," alimwita. "Mwekundu, baba."

Farasi alipita karibu naye, karibu kiasi cha kumgusa, wala hakugeuza sikio.