Kisanduku chenye jicho jekundu

Binti yangu alikuwa na mwaka mumoja na miezi miwili, na alikuwa hataki kula. Ninaanza hapo makusudi, maana kila nikisimulia hii habari watu wanafikiri ninalilia televizio. Televizio mimi ilikuwa hainihusu. Mimi nililia buyi, uji wa mutoto.

Siku ya kupima watoto, kwenye kituo cha afya hapa Sake, mama munganga anamufunga mutoto mukaba mudogo wa rangi kwenye mukono. Ikionyesha kijani, muko sawa. Njano, angalia. Nyekundu, harudi nyumbani, analazwa. Ya kwangu ilikuwa njano, na haikuwa njano ya upande wa kijani. Mama munganga aliangalia mukaba, akaniangalia mimi, akaangalia mpaka viatu vyangu, sijui viatu vilikuwa na kosa gani.

"Mama, huyu mutoto unamulishaka nini?"

"Buyi. Soya, mahindi, mutama. Kila siku."

"Na anakula?"

"Anafunga kinywa."

"Basi umufungue."

Kama vile mutoto ni mulango wa jikoni. Akaandika kitu kwenye karatasi, akasema nirudi mwezi ukiisha, na anataka kijani. Nilitoka pale na hasira, na nyuma ya hasira kulikuwa na woga, lakini woga sikumuonyesha muntu.

Ukweli ni kwamba dawa yake nilikuwa nayo. Ilikuwa saa kumi ya mangaribi. Saa kumi ikifika, waya ya televizio ilileta ule mufululizo wa kigeni, wanaongea Kifaransa cha kubandikwa, kinywa kinamaliza kusema halafu sauti njo inakuja. Mle ndani kuna mwanamuke tajiri anayelia kila siku na machozi hayaharibu rangi ya macho. Tele yetu ilikuwa kubwa kuliko za jirani, kwa hiyo majirani walikuja kukaa kwetu, kwenye benchi na chini. Mimi nilikuwa ninamukalisha binti kwenye magoti, nikipeleka kijiko, na saa hiyo tu, katika siku nzima, kinywa chake kilikuwa kinafunguka chenyewe. Sahani nzima. Ilikuwa bado njano, lakini ilikuwa inapanda.

Lazima nieleze waya. Wakati ule waya ilikuwa waya tu. Mwenye waya aliweka sahani kubwa ya chuma juu ya bati la nyumba yake, akasimamisha miti ya mikaratusi kila upande, akavuta waya mpaka kwa kila muntu aliyelipa. Na sisi wote tuliona kile anachokiona yeye. Akibadilisha chaneli kwake, inabadilika kwetu. Akilala na mupira ukiwa unacheza, tunamaliza mupira. Mama mukwe wake alikuja siku moja kumutembelea kutoka Ngungu, akapewa kiti kizuri mbele ya tele, akapewa na telekomandi ya kubadilisha chaneli mukononi kwa heshima. Huyo mama alipenda samaki. Si wa kula, wa kuangalia. Kulikuwa na chaneli ambayo samaki wanaogelea tu katika bahari, hakuna muntu, hakuna habari. Kwao muntu haingii chumba alimokaa mama mukwe wake na kumunyanganya kitu mukononi. Hata kuingia tu ni shida. Basi mwenye waya alikaa nje ya nyumba yake mwenyewe juma mbili, na mutaa muzima ukaangalia samaki. Tulituma wajumbe. Aliwajibu akiwa amekaa juu ya jiwe: "Mimi pia niko ninateseka."

Lakini sikieni: hata juma mbili za samaki, binti yangu alikula. Majirani walikuja vilevile, kwa mazoea, wakakaa, wakaanza kuwapa wale samaki tabia. Mbele kabisa alikaa muntu tunayemuita Papa jirani. Huyu ni muzee wa ng'ombe, alishuka kutoka milima ya upande wa Nyamitaba, ng'ombe hana tena lakini kofia na fimbo vimebaki. Kifaransa hajui hata neno. Alikuwa anaangalia na kinywa wazi, wazi kabisa, na meno yake manne, mawili juu na mawili chini, na hayakutani.

"Papa, inzi zitaingia," majirani walimuambia.

"Ziingie, zione njaa iko gani."

Kwa hiyo mimi nilijua jambo moja: ni televizio njo inamulisha mutoto. Mufululizo ao samaki, haina tofauti. Televizio. Ningeapa mbele ya padri.

Ndipo mwenye waya akatoka Goma na makartoni juu ya lori. Alipita nyumba kwa nyumba, na kwetu alifika saa kumi hasa, watu wamejaa, akasimama mbele ya kioo na mwanamuke tajiri akawa analia kwenye mugongo wake.

"Kuanzia siku ya kwanza ya mwezi, hii ya zamani imekufa," alisema. "Sasa ni numeriki. Picha inakuja imefungwa na ufunguo. Hii kisanduku, dekoderi, njo iko na ufunguo."

"Nani aliifunga?" nikamuuliza.

"Bale ba juu." Akaonyesha bati, kama vile hao wa juu wamekaa pale.

"Na hiyo kisanduku unatupatia?"

"Ninawapangisha. Kila mwezi."

"Juu ya ile ya waya?"

"Juu ya ile ya waya."

"Nikiipanga miaka kumi, itakuwa yangu?"

"Hapana, mama. Itakuwa kisanduku ya kupanga ya miaka kumi."

Nilitaka kumutupia sahani, lakini ilikuwa na buyi. Halafu akasema lile neno, na alilisema kwa sauti, mbele ya wote, anaangalia watu wa benchi mumoja mumoja: "Na musikie muzuri. Kisanduku iko ya nyumba moja. Moja. Mambo ya kugawanya kwa jirani, hiyo imekwisha. Inajua." Akakitoa kimoja kwenye kartoni, kidogo, cheusi, akakichomeka kwenye umeme kutuonyesha. Kwa mbele kikawaka jicho dogo jekundu. Watu wa mbele wakarudi nyuma.

Nilikataa kupanga. Nilisema sitalipa kodi ya kisanduku wakati nyumba yangu mwenyewe ni ya mbao na inavuja. Siku ya kwanza ya mwezi, saa kumi, kwenye kioo kukawa na mvua nyeupe na mulio wa kukaanga. Hakuna aliyekuja. Nikamukalisha binti mbele ya ile mvua. Akaiangalia, akaniangalia, akafunga kinywa. Alikuwa amefungwa na ufunguo, yeye pia.

Tulijaribu mambo. Bwana wangu anabeba maziwa na jibini kwa piki kutoka milimani, anarudi na matope mpaka kwenye nyusi, lakini kwa ajili ya mutoto alijifunga kitambaa changu cha kichwa, akakaa mbele ya tele, akalia kama mwanamuke tajiri. Alilia muzuri kabisa, sikujua ana kipaji hicho. Binti alimuangalia kama karani anavyomuangalia muntu aliyesahau karatasi zake. Nikamuambia bwana: "Fanya samaki." Akafanya samaki. Hapana.

Siku zinaenda. Mukono wa mutoto ninaupima kila asubuhi kwa vidole vyangu mwenyewe, kidole gumba na cha pili, na kila siku vinakutana kwa urahisi zaidi. Siku ya tisa niliuza jogoo wangu, yule mwenye sauti, nikaenda kwa mwenye waya. Sikumusalimia.

"Lete kisanduku yako."

"Karibu mu numeriki, mama."

"Usinikaribishe."

Alikuja akachomeka. Jicho jekundu likawaka. Nikatafuta mufululizo: kwenye kioo kukatokea kufuli kubwa na maandishi. Akasema hiyo chaneli iko katika kundi lingine, la kuongeza. "Na ya bure iko wapi?" Akabonyeza. Samaki. Samaki njo walikuwa bure. Sawa, nikasema moyoni, samaki walimulisha zamani, watamulisha tena. Nikaweka kijiko. Kinywa kimefungwa. Kesho yake nikaongeza pesa ya lile kundi. Mwanamuke tajiri akatokea, safi sana, unahesabu kope zake, machozi yanang'aa kama mafuta. Binti akamuangalia vizuri. Kinywa, hapana.

Ile siku nilimutukana mwanamuke wa ndani ya tele kwa majina ambayo sitayataja.

Na nyumba ilikuwa kimya. Nimepanga kisanduku, picha iko nzuri kuliko zote za mutaa, na hakuna jirani hata mumoja. Nikapika chai ya maziwa ya kutosha watu kumi, tukainywa mimi na bwana siku mbili. Nikajiambia ni wivu. Nikakutana na jirani mumoja kwenye bomba la maji, akaniuliza polepole, anaangalia nyuma: "Inaendelea kuwaka?" Nikamujibu inaendelea. Akasema, "Mungu asifiwe," akaondoka haraka. Nikaona ni dharau.

Juma mbili kabla ya kupima, mvua ilipiga saa kumi. Nilikuwa nimekaa na binti kwenye magoti, sahani kwenye kiti, kijiko hewani. Ndani ya tele mwanamuke tajiri akamupiga dada yake kofi, kofi kubwa, lililongojewa miezi. Na pale pembeni ya tele, kwenye dirisha ambalo tunalifunga na kipande cha hema, kikatokea kitu. Kofia kwanza. Halafu uso uliolowa, macho yamekodoka, na kinywa wazi kabisa, meno manne.

Binti yangu akageuka. Akaona. Akafungua kinywa.

Sikufikiri. Niliingiza kijiko. Akameza. Papa akasikia kijiko kugonga sahani, akashituka, akashuka chini ya dirisha. Kinywa cha binti kikajifunga.

"Papa," nikasema, "uko unafanya nini hapo?"

Sauti ikatoka chini: "Ongea polepole. Ile kitu itasikia."

"Kitu gani?"

"Ile ya jicho. Muntu ya waya alisema iko ya nyumba moja. Inajua. Ikiona muntu ya inje inakata picha. Sisi wote tulikatala kuja, juu mutoto asikose kula. Mimi ninaangaliaka mu tundu ya mubao. Leo ile kofi njo imenisimamisha."

Kumbe ile dharau ya bombani ilikuwa heshima. Walikuwa wananilindia kisanduku. Lakini nafasi ya kulia sikuwa nayo, buyi ilikuwa inapoa.

"Papa, simama."

"Itaniona."

"Ikuone. Simama, fungua kinywa."

"Ya nini?"

"Papa, nakuomba. Kinywa."

Akasimama. Akafungua. Binti akafungua. Kijiko. Akafunga, akafunga. Akafungua, akafungua. Ningemuingiza ndani, najua, mvua ilikuwa inamunyeshea shingoni, lakini niliogopa nikimusogeza ile kitu itavunjika. Nikaendelea kupiga kelele kutoka kwenye kiti: "Wazi, Papa. Zaidi. Vile vile." Katikati ya hayo bwana wangu akafika na piki, akasimama kwenye matope, akaona muzee wa watu amelowa kwenye dirisha letu na kinywa wazi, na bibi yake ndani anamutolea amri.

"Hapa kuna nini?"

"Nyamaza," nikasema. "Anakula."

Sahani ilikwisha.

Kesho yake nilimukokota mwenye waya mpaka kwangu aje aseme mbele ya majirani. Alijitetea kwamba yeye alisema juu ya waya, muntu asikate waya kupeleka kwa jirani, kukaa kwenye benchi hakumukataza muntu, na lile jicho ni taa tu. Watu wakarudi. Papa jirani alirudi pia, lakini alivua kofia na kuivika ile kisanduku, ikafunika jicho, kabla ya kukaa. "Taa," alisema, "mimi ninajua taa." Kofia ilibaki pale kila mangaribi, na yeye alikaa mbele, kinywa wazi, na mimi nilimugeuza binti kabisa, mugongo kwa tele, uso kwa Papa.

Siku ya kupima mama munganga alifunga mukaba, akaufungua, akaufunga tena. Kijani. Kijani cha mupakani, lakini kijani. Akaniangalia, viatu hakuviangalia.

"Ulimufanya nini?"

"Nilimufungua."

Kutoka pale nilipitia nyumbani, nikachomoa kisanduku, nikakipeleka kwa mwenye waya chini ya kwapa kama kuku. Alishangaa.

"Mama, sasa mutoto atakula na nini?"

"Atakula na Papa."

"Na Papa ataangalia nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini saa kumi Papa alikuja, akakaa mbele ya tele nyeusi, akatuhadithia mufululizo jinsi alivyouelewa yeye. Kumbe kwa miezi yote ile alikuwa anajua kwamba mwanamuke tajiri analilia ng'ombe zake zilizochukuliwa na dada yake. Inaeleweka kuliko ile ya Kifaransa. Majirani wanakuja, wanabishana rangi ya ng'ombe. Anaposimulia kofi, kinywa kinabaki wazi, na binti yangu anafungua.

Sasa ninapika sufuria kubwa, maana kinywa kikikaa wazi mbele ya buyi kila siku, heshima inataka nacho kiwekewe. Kijiko kimoja kwa mutoto, kimoja kwa Papa. Jana aliniambia soya imezidi.