Simu ya Baba na Watu wa Meli

Jumapili iliyopita nilikwenda Pasiansi, Mwanza, kumwona baba. Nilimkuta barazani ameishika simu mbele ya uso wake, anaikodolea macho kama imemtukana.

"Amenikatia," aliniambia hata sijamwamkia. "Kijana mdogo, kwa sauti tu unamjua. Namwambia mimi ni nani, ananiambia nimekosea namba, ananikatia. Mimi!"

Baba siku hizi haoni vizuri. Simu yake ni ile ndogo ya vitufe, na namba za kwenye vitufe zimekwisha kufutika, kwa hiyo akimtafuta kaka yangu aliyeko Dar huwapata kwanza watu wa nusu ya nchi. Nilimpa pole. Kisha nikaingia jikoni nikajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na hayakuwa machozi ya huruma. Najua unavyonifikiria, lakini usiwe na haraka. Kaa hapa nikusimulie habari za simu nyingine, iliyokuwa sebuleni mwa nyumba hiyohiyo, halafu uniambie kama wewe usingecheka.

Ilikuwa simu ya mezani, nyeusi, nzito, ya kuzungusha kwa kidole. Mtaa mzima ni sisi tu tuliokuwa nayo, na baba alihakikisha hakuna anayesahau. Iliwekwa juu ya kimeza chake peke yake, chini yake kitambaa cha kufuma, na kiti cha mgeni kilielekezwa kwake ili mtu akinywa chai aione vizuri. Baba alikuwa ofisa wa pamba. Kazi yenyewe mpaka leo siijui, ila cheo nilikikariri, kwa sababu kila alipopokea simu alikitaja chote, kirefu, mpaka aliyepiga anasahau alichokuwa anataka.

Kwenye lile duara la namba alitia kikufuli. Ufunguo ulikaa pamoja na funguo zake za ofisini, akiondoka asubuhi anaondoka nao. Tuliobaki nyumbani tuliweza kupokea tu, kupiga hatukuweza. Mama alikuwa mwalimu, akishinda shuleni, kwa hiyo mimi nikitoka darasa la asubuhi nilibaki na bibi, na bibi ndiye aliyekuwa mpokeaji.

Bibi ni mama yake baba. Alitoka kisiwa cha Ukerewe, karibu na Nansio, na baba alimleta mjini babu alipofariki. Baba mwenyewe alizaliwa hukohuko, akakulia kwenye muhogo na sato, lakini ungemsikia akizungumza ungedhani alishushwa Mwanza na ndege. Alikataza ugali wa muhogo nyumbani eti unanuka. Alimkataza bibi kuanika dagaa juu ya mawe nyuma ya jiko eti wageni watatuonaje. Bibi hakubisha. Aliendelea kumenya taratibu viazi vyake vitamu vya kukausha michembe, akichekea kifuani.

Sasa zile laini za simu. Mvua zikianza, maji yaliingia sijui wapi huko kwenye nguzo na laini zikaingiliana. Ukiinua mkonga unakuta watu wawili wako katikati ya ugomvi wao. Siku moja baba alikuwa anaongea na bosi wake kwa Kiingereza, amesimama wima kama bosi anamwona, mara sauti ya mwanamke ikaingia, mwanamke wa mwaloni, kule wanakoshusha samaki, mchuuzi wa dagaa. Tuliisikia mpaka mlangoni.

"Nani huyo anayezungumza Kizungu kwenye simu yangu? Baba, hebu toka kwenye laini, mimi nina magunia yangu hapa!"

Baba alimwambia cheo chake. Yule mama akamjibu kwamba hata yeye ana cheo, na akamtajia kitu ambacho siwezi kukitamka. Bibi alilazimika kutoka nje.

Lakini kubwa zaidi lilikuwa la meli. Namba yetu ilikaribiana mno na ya ofisi ya meli ya Nansio, tofauti ilikuwa tarakimu moja tu. Kwa hiyo watu wa kisiwani waliokuwa wanauliza meli imetoka Mwanza au bado walitupata sisi. Walipiga kutoka dukani kwa mtu mmoja karibu na gati, wakipiga kelele kana kwamba wanaita ng'ambo ya ziwa. "Haro! Haro! Hapo ni kwenye meri?"

Baba akipokea yeye, jibu lilikuwa moja. "Umekosea namba, mshamba we." Anakata. Kisha anawaigiza mbele ya wageni, "Haro, haro," na wageni wanacheka kwa kuwa chai ni ya kwake.

Bibi hakukata. Kwake mtu aliyekupa shikamoo hawezi kuwa amekosea. Alijibu marahaba, akauliza habari za watoto, habari za mvua, habari za muhogo. Mtu alipotaka kukata kwa aibu kwamba amekosea, bibi alimzuia. "Usikate kwanza. Wewe wa kwa nani?" Akishajua ni wa kwa nani, walihamia Kikerewe na hapo ndipo nyumba yetu ilipopata uhai. Halafu ananigeukia, "Panda jiwe uangalie." Nami nilipanda lile jiwe kubwa nyuma ya jiko, miguu inaungua, nikaangalia ziwani. Kama meli imeshapita nilipiga kelele, "Bibi, imepita!" Naye anawaambia imepita, shukeni gatini mkaingoje. Ikiwa bado, anawaambia wapike kwanza wale.

Watu wakamzoea. Wakaanza kukosea makusudi. Mzee mmoja, ambaye habari za meli alizompa bibi zilimwokoa asikae gatini na mgonjwa tangu alfajiri, alituletea kikapu cha machungwa mpaka mlangoni, akimuulizia "mama wa meli". Baba alikunja uso kuona kikapu cha kijijini sebuleni kwake. Machungwa yenyewe aliyala. Nilimwona, akiyamenya kwa kisu na uma.

Kwa njia hiyo habari zilimfikia bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi, aliyebaki kisiwani peke yake na kifua kibovu. Siku moja simu iliita, bibi akapokea kama kawaida. Akakaa chini sakafuni, mkonga sikioni, akilia na kucheka kwa pamoja. Ndugu yake alikuwa amekokotwa kwa baiskeli mpaka dukani. Tangu hapo alipiga kila alipopata nguvu. Kifua kilikuwa kinazidi, na wakakubaliana jambo: akizidiwa watu wampigie bibi, na bibi atapanda meli siku hiyohiyo, wakaonane. Bibi alinirudia maneno hayo mara nyingi. Alishafunga kabisa kifurushi cha safari, kanga mbili na sabuni, akakiweka chini ya kitanda.

Basi mchana mmoja baba akamkaribisha bosi wake chakula. Alipiga nyumbani kutoka ofisini kutuagiza kuku, akakuta simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Alipoingia na bosi wake alimkuta mama yake amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, anacheka Kikerewe kwa sauti, na jikoni kuna sufuria ya michembe. Bosi alicheka, akasema anaipenda michembe, akala. Baba hakula. Yeye aibu ilikuwa imemshibisha.

Haikuchukua muda akaja fundi. Jioni hiyo baba alitangaza mezani, "Namba imebadilishwa. Kuanzia leo nyumba hii si ofisi ya meri." Hivyo ndivyo alivyosema, meri, hasira ikimpanda kisiwa kinamrudia mdomoni. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Bibi aliweka tonge chini. "Baba," alimwambia, maana alimwita hivyo mwanawe, "basi wapelekee watu wa Nansio hiyo namba mpya. Mdogo wangu anaumwa."

"Namba ya nyumba hii haitolewi dukani kwa wauza dagaa. Mwenye shida ataandika barua."

"Basi nipeleke mimi nikamwone."

"Nitakupeleka Krismasi. Tutakwenda vizuri, na gari la ofisi mpaka gatini."

Kile kikaratasi cha namba kilichobandikwa kwenye simu alikibandua akakitia mfukoni, hata mimi niliyejua kusoma nisiweze kumsaidia. Wala nauli hakumpa. Nimekutana na watu wabaya katika maisha yangu, lakini wengi wao walipata faida fulani katika ubaya wao. Baba alipata nini? Alipata simu isiyoita.

Na kweli haikuita. Bibi aliivuta stuli akakaa karibu nayo. Aliifuta vumbi, akafua kitambaa chake, akakirudisha. Mimi nilipanda jiwe bila kutumwa, nikaona meli inapita, nikamwambia, "Bibi, imepita," naye akaitikia, "Haya, mama." Jioni baba alikaa kwenye kiti chake akifurahia utulivu. Alisema sasa ndiyo nyumba ya mtu aliyestaarabika.

Mzee wa machungwa ndiye aliyekuja. Safari hii hakuwa na kikapu. Alivua kofia mlangoni, na bibi alipoiona ile kofia mkononi aliketi.

"Tumemzika, mama," alisema. "Wiki zimepita. Tulipiga simu siku ile alipozidiwa. Alikuwa anakuulizia."

"Mlipiga wapi?"

"Namba ileile. Akapokea mwanamume."

"Mlimsalimia?"

"Tulimsalimia, mama. Shikamoo kabisa. Akasema tumekosea namba, akakata. Tukapiga tena, akasema tukome kumsumbua."

Namba yetu ya zamani ilikuwa imepewa watu wengine. Bibi hakupiga ukelele. Alimwambia yule mzee akae, akanituma maji ya kunawa, akampakulia chakula. 

Baba aliporudi, bibi alimwambia kwa kifupi kwamba mdogo wake wamekwisha kumzika, walipiga simu wakakatiwa. Baba alisimama pale na mkoba wake. Nilimtazama, nikimwombea apate neno. Mtoto huwa bado ana matumaini na baba yake.

"Lakini aliyekata si mimi," alisema.

Hilo ndilo neno alilolipata. Nimeishi nalo miaka yote hii na bado linanichefua.

Asubuhi bibi alitoa kifurushi chake chini ya kitanda. Baba alifungua kikufuli, eti apige simu apate teksi. Bibi alimwambia aifunge simu yake, akateremka gatini kwa miguu na mzee wa machungwa, aliyerudi kumchukua, mimi nyuma nimebeba kifurushi. Nauli alilipiwa na yule mzee. Alikaa kisiwani, katika nyumba ya mdogo wake, mpaka alipolala huko moja kwa moja. Hakurudi tena Pasiansi.

Simu zile zimekwisha. Nyaya ziliibwa, nguzo zikaoza, na kile kimeza baba anawekea dawa zake. Siku hizi hata mchunga mbuzi ana laini mbili, na ujinga wa zamani wa kupiga kelele tumeubadilisha na ujinga wa kutopokea. Ukikosea namba unaonekana tapeli. Hakuna anayekuuliza habari za mvua.

Jumapili ile, baada ya kucheka jikoni, nilirudi barazani na chai yake. Alikuwa anabonyeza tena, polepole, midomo ikihesabu namba za kaka yangu. Ikaita. Ikapokelewa, na kabla hajasema lolote nilishasikia kwamba si kaka, ni sauti ya msichana. "Umekosea namba, mzee."

Baba hakutaja cheo. Aliishika simu kwa mikono miwili. "Usikate kwanza," alisema haraka. "Wewe wa kwa nani?"

Msichana alikata.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu utotoni. Nilijiahidi nikiiona nitacheka mpaka nishike mbavu, na nimcheke mbele yake. Sikuweza. Alibaki ameibana simu sikioni, kichwa kimeinama, anasikiliza laini iliyokatika, nami nikabaki na kikombe mkononi nikijua kwamba mtu mmoja tu angemjibu, na huyo ni mama yake.