Pasi ya Wageni wa Chumba cha Sita

Kazini walimwita Mama Shuka, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa alitandika vitanda vya watu waliokuja hotelini kupumzika, na alichojifunza ni hiki: mtu akiwa likizo husema lolote mbele ya anayekunja taulo, utadhani taulo zinajikunja zenyewe.

Zamani maneno yao yaliingia sikio hili yakatokea lile. Alianza kuyahifadhi mumewe alipopigwa na kiharusi. Fundi, mshona suruali aliyesifika mtaa mzima, sasa alikuwa na miaka miwili kitandani, na hakutaka pole za majirani, alitaka visa. Mke hajavua viatu, mzee keshauliza, "Leo wamesemaje?" Naye humsimulia, kijiko mkononi, kwa sababu Fundi akicheka mdomo hufunguka, na hapo ndipo supu huingia. Hakuna daktari aliyewafundisha hilo.

Wiki hiyo Fundi aligoma kula. Siku tatu, maji tu. Dada yake aliyekuja kumuuguza alikuwa akilia jikoni kwa siri, na Mama Shuka, tuseme ukweli, aliogopa mpaka akawa anasahau foronya koridoni.

Siku ya nne, chumba cha sita wakaingia mume na mke, wakaanza kuzozana hata mabegi hawajayafungua.

"Pasi umezima?" mume akauliza.

"Mwenye pasi ni wewe!"

"Mimi? Hebu tazama hili shati. Hili limepigwa pasi na nani?"

"Basi nyumba inaungua, na sisi tuko hapa tunastarehe."

Wakampigia jirani yao avunje dirisha la jikoni. Jirani akakubali haraka mno, hata mume akaingiwa na wasiwasi.

Zamu ikaishia hapo. Nyumbani Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na vijiko sita vya supu vikapita. Vijiko sita! Wifi mtu alitoka jikoni kushuhudia. Asubuhi Fundi akamshika mkewe mkono. "Usirudi bila mwisho wake."

Zamu ilikwisha saa nane mchana, wageni wakiwa bado hawajarudi kutoka kuogelea. Mama Shuka akabaki. Alifuta dirisha la chumba cha sita mara tatu, mpaka msimamizi akamuuliza kama anataka kulitoboa. Saa kumi wakarudi, na simu ikalia: jirani, aliyekwisha kuwahakikishia kuwa hakuna moto, sasa amepekua nyumba nzima, pasi haipo, bila shaka wameibiwa. Mke, huku akilaani wezi, akavuta gauni kutoka chini kabisa ya begi. Pasi ikachomoka nalo, ikamwangukia mume kidole gumba cha mguu.

Mama Shuka alikwenda nyumbani mbio, akicheka peke yake njiani, akijaribu ule ukelele wa mume ili asiukosee.

Wifi yake alikuwa mlangoni, amesimama tu.

"Ametutoka saa tisa, wifi yangu. Hakuhangaika."

Mama Shuka alikaa chini palepale, aproni ya kazi bado kiunoni. Saa tisa alikuwa anafuta kioo kisafi.

"Aliniulizia?"

"Mara mbili. Nikamwambia bado uko kazini." Wifi akachuchumaa, akamshika mabega. "Halafu akanihadithia habari za hao wageni wenu. Akasema pasi wamekuja nayo begini, yeye anawajua watu wenye haraka, wamemletea nguo maisha yake yote. Ila akanikanya nisikwambie. Ukifika, alisema, atakusikiliza kama hajui kitu, usije ukavunjika moyo."

Mama Shuka alitaka kusema kwamba Fundi amepatia. Badala yake akafungua aproni, akaikunja. Ndani kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, kwa mkono wa mtu mwingine, na yeye akakaa pale chini akiwaza miaka miwili ya visa, ni vingapi mume wake alivisikiliza hivyo.