Benchi Fupi la Saveta

Huku kwetu Maramuresh, vijiji vya milimani, lango lisilo na benchi halisimamishi mtu. Jumapili ukitoka kanisani, ukiona benchi unakaa, unamiminiwa kikombe kidogo cha pombe ya plamu, unasengenya. Usipoliona, unasalimia na kwenda zako. Benchi la Saveta lilioza majira yaleyale ya baridi aliyomzika mumewe Gavrila, fundi seremala. Wanawe wawili wako Italia. Nami Irinuca, jirani yake wa mkabala, nilikuwa nikilipita lango lake kama wengine. Naona aibu, lakini ukweli ndio huo.

Mwezi wa Aprili nikasikia nyundo. Saveta, mwenye miaka sitini na minane, aliyezoea kumpelekea mumewe msumeno tu, alikuwa anaunda benchi! La kwanza alitumia mbao mbichi; jua la wiki mbili likazipinda zote. La pili alipigilia misumari minene ukingoni kabisa mwa ubao, ukapasuka mwanzo hadi mwisho. Nilimsikia akimtukana Gavrila kwa kufa bila kumfundisha. Nyundo haikulia tena siku hiyo.

"Jirani, si umwite fundi wa ng'ambo ya mto?" nikampigia kelele dirishani.

"Fundi atakuja siku moja, aondoke! Siku zilizobaki nifanye nini?"

Nikafunga dirisha.

La tatu lilisimama, ila lilichezacheza. Akapunguza mguu mmoja, likainamia huku. Akapunguza mwingine, likainamia kule. Siku tatu anakata tu. Kumbe miguu haikuwa na kosa, ni ardhi ya pale langoni iliyokuwa na mteremko. Mimi niliuona, lakini kicheko kilinizidi nisimwambie. Hiyo nayo ni aibu yangu. Mwishowe benchi likatulia, kimo cha kigoda cha kukamulia ng'ombe.

Jumapili Saveta alisimama kando yake na kitambaa chake cha kichwani cha kanisani, chupa mkononi. Watu walitazama, wakapita.

"Saveta, hilo umewatengenezea kuku?" akauliza mmoja, wenzake wakacheka.

Naye akacheka, kisha akaifunga chupa kizibo. Roho ikaniuma. Nikavuka barabara.

"Haya, mimina," nikamwambia. Nikajishusha na magoti yangu haya mabovu, nikafika chini kwa kishindo.

Tukanywa. Tukamsengenya kasisi, tukawasengenya watoto wetu, hata marehemu hakusalimika. Jua likaanza kushuka, ng'ombe wangu wakalia zizini. Nikajaribu kuinuka, wapi! Nikajaribu tena.

"Nivute, shoga," nikasema, nikanyoosha mkono.

Saveta aliutazama mkono wangu. Hakuushika.

"Nitakuvuta," alisema polepole. "Lakini kaa kwanza, Irinuca. Nikikuvuta utaondoka."