Kibao cha Snodbeck

Wilfred Ockenden alikuwa fundi wa kuandika vibao vya barabarani katika kaunti ya Marlshire, Uingereza, kazi aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi, asiyeweza hata kumwambia kinyozi kwamba amemkata sikio. Wahenga walisema heshima si utumwa, ila wao hawakuwahi kufika Marlshire.

Mwaka 1974 wakubwa wa London wakaamua Marlshire iunganishwe na jirani yake, Thornshire. Sawa, lakini jina je? Kamati ikakaa vikao kumi na kimoja. Wa Marlshire walitaka lao, na wa Thornshire wakilisikia wanakohoa. Hakuna aliyegombana, msinielewe vibaya. Hawa ni watu wanaoombana radhi huku wakikanyagana. Walichoafikiana ni kimoja tu, ukubwa wa vibao.

Ndipo katibu wa kamati, Bwana Pettifer, akamwagiza Wilfred aandike kibao cha majaribio, waone kama herufi zitasomeka kutoka ndani ya gari.

"Andika lolote," alimwambia, "ila si Marlshire wala Thornshire. Utanitafutia balaa, mzee."

Wilfred akaandika Kaunti ya Snodbeck. Snodbeck ulikuwa mtaro nyuma ya kabichi zake. Masika ulifurika, kiangazi ulinuka.

Kibao kikaegemezwa ukutani kwenye chumba cha kamati. Madiwani wakaingia, wakakiona, na kila mmoja akadhani wenzake walishakubaliana katika kikao alichosinzia yeye. Aulize? Thubutu! Ukiuliza umejiumbua kwamba makabrasha hukuyasoma. Mmoja akasema jina lina mvuto. Mwingine, ambaye hakuwa amelisikia hata siku moja, akasema lina historia. Likapita bila kupingwa, ikabaki kura ya baraza zima siku ya Alhamisi.

Habari zilipomfikia Wilfred, chai ilimshinda kunywa. Akamweleza mkewe, Dorothy.

"Basi kawaambie," Dorothy alisema.

"Wataona aibu, Dot."

"Na waione! Baba yako kaandika Marlshire miaka arobaini, leo jina lizikwe kwenye mtaro? Neno moja tu, mume wangu. Waambie ulikuwa unajaribu herufi."

"Labda wanalipenda."

"Nani anapenda Snodbeck? Wewe mwenyewe unaruka ukipita pale, umeziba pua."

Alhamisi wananchi walipewa dakika tatu za kusema. Wilfred akasimama, kofia mkononi. Kabla hajafungua kinywa, mwenyekiti akatabasamu.

"Waheshimiwa, huyu ndiye fundi wa kile kibao chetu kizuri."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Pettifer naye alipiga, tena kwa nguvu, maana alijua fika jina lilikotoka na alikuwa akiomba Mungu lisiulizwe.

"Ehe, Bwana Ockenden, ulitaka kusema nini?" mwenyekiti akauliza.

Wilfred akazitazama zile nyuso zilizochangamka. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Dorothy, aliyeketi kando yake, akamfinya kwenye paja.

"Nilitaka kushukuru tu," akasema, akaketi.

Kura ikapigwa, na Marlshire ikafa saa nne na dakika kumi asubuhi, bila mtu kupandisha sauti. Njiani Dorothy hakumgombeza. Laiti angemgombeza.

"Umeshukuru," alisema tu.

Jumatatu Wilfred akapelekwa mpakani. Baraza lilikuwa limeamua kubana matumizi: vibao vya zamani vipakwe rangi, jina jipya liandikwe juu yake. Cha kwanza kilikuwa mwandiko wa baba yake. Alimwomba marehemu radhi kwa sauti, kisha akachovya brashi. Na kwa kuwa hakuwahi kulipua kazi maishani mwake, alipaka mara mbili, akangoja ikauke, akakikagua kwa karibu ahakikishe ile M ya mzee haichungulii. Haikuchungulia.