Mwaka Uliofutwa kwa Mchanga

Mwaka 1936 Lukasi, mkata mkonge wa Makuyuni, alikuwa akichimba choo akaokota sarafu nyeusi ya kigeni. Aliisugua kwa mchanga na ndimu siku mbili, kisha akampelekea msimamizi wa shamba, Mgiriki.

Msimamizi aliigeuzageuza juani. "Huyu aliyechorwa hapa ni mfalme wa Rumi, lakini herufi ni za Kigiriki. Ilitengenezwa Misri. Mwaka huandikwa huku nyuma, kando ya picha ya ndege tai."

"Ni mwaka gani, bwana?"

"Haujulikani tena. Umeufuta kwa mchanga."

"Nilitaka ing'ae tu. Hakuna dawa?"

"Hakuna."

Lukasi alipapasa pale palipolainika, akapapasa tena. Nyumbani, mkewe Grasiana alipouliza ni ya zamani kiasi gani, Lukasi alimshika kidole akakiweka pale mwaka ulipofutika, ugali ukipoa.