Watoto wa Vibarua na Zamu ya Nyasi

Wazazi wangu walivuka mto Kagera kutoka Rwanda nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alipata kibarua cha kulima na kuchuma kahawa upande wa Kaisho, kwa mwenyeji mmoja aliyekuwa na kibanja kikubwa cha migomba. Tajiri huyo alitupa sehemu ya kujenga kibanda pembeni ya shamba lake. Nyumbani tuliongea Kinyarwanda. Nje nilijifunza Kinyambo kwa kusikiliza, na watoto wenzangu walicheka kila nilipokosea.

Baba alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, mimi binti yake nisome. Akanipeleka shule ya misheni.

Shuleni tulikuwa watoto wachache wa vibarua. Wenzetu walituita watu wa ng'ambo, na baada ya muda mwalimu wetu wa darasa naye akatuita hivyohivyo. Asubuhi, wengine wakitoa vibao vyao vya kuandikia, yeye alisema, "Wa ng'ambo, nyasi." Tulichukua miundu tukaenda bondeni kukata nyasi za kutandika sakafuni, halafu tukateka maji. Tuliporudi hesabu zilikuwa zimekwisha kufutwa ubaoni. Sikuona kama ni uonevu. Nilidhani ndivyo shule ilivyo.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya, Mhaya kutoka Muleba, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Siku moja aliingia darasani kwetu akauliza hesabu za kuzidisha, mtoto mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikashindwa.

Mwalimu wetu akasema, "Hawa usijisumbue nao, Mwalimu. Hesabu haziwaingii. Ndivyo walivyo."

Mwalimu mkuu alinigeukia. Aliniuliza mimi, "Hesabu hizi mlifundishwa lini?"

"Sijui, Mwalimu. Asubuhi mimi hukata nyasi."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mwalimu."

Aliwatazama wale wenzangu wawili wa ng'ambo waliokuwa wameshindwa kama mimi, akatoka. Kesho yake alitutangazia sote uwanjani kwamba nyasi na maji vitakuwa kwa zamu, benchi kwa benchi, na kazi itafanywa baada ya masomo. Sisi tuliokosa hesabu alituweka adhuhuri barazani akatufundisha mwenyewe.

Kwenye benchi la kwanza alikaa binti wa tajiri wa baba. Siku yake ya kwanza bondeni alijikata kidole na mundu. Asubuhi iliyofuata baba yake alifika na baiskeli, kavaa kanzu na koti, akamkabili mwalimu mkuu uwanjani. Tulikuwa darasani, na madirisha hayakuwa na vioo, tukasikia yote.

"Mwalimu, binti yangu umemfanyisha kazi ya mtoto wa kibarua wangu?"

"Nimempa kazi ya shule, mzee. Kidole chake tumekifunga, na pole sana."

"Wewe ni mtu wetu. Mila zetu unazijua."

"Nazijua. Lakini mtoto anayekata nyasi wakati wenzake wanasoma, atashindwa mtihani, halafu tutasema hana akili. Hilo kosa ni letu walimu."

Tajiri alipanda baiskeli yake akaondoka. Jioni alimwambia baba kwamba kahawa ikiisha kuchumwa, atafute mahali pengine pa kukaa.

Mama alilia. Baba hakulia, alinishika mkono asubuhi tukaenda wote hadi kwa mwalimu mkuu. Alipotuona, yule mwalimu alisimama akasema, "Shikamoo, mzee." Sikuwahi kumsikia mtu wa shule akimwamkia baba. 

"Marahaba," baba aliitikia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Mwalimu, mimi sikuomba unitetee. Niliomba umfundishe mtoto. Sasa sina nyumba."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa. "Kweli, mzee. Ningekuja kwako kwanza tukaongea. Sikuja. Lakini zamu siwezi kuirudisha ilivyokuwa."

"Sijasema uirudishe," baba akasema.

Jumamosi wakaenda pamoja kwa miguu hadi Songambele, ambako mwalimu alifahamiana na mkungu, yaani mkuu wa kijiji. Baba alipeleka mtungi wa lubisi, pombe ya ndizi, akaonyeshwa pori la kufyeka liwe shamba lake. Kwa kuwa huko hakukuwa na shule karibu, ikakubaliwa niishi kwa mwalimu mkuu na kurudi kwetu wakati wa likizo.

Mke wake hakufurahi. Chakula changu aliniwekea peke yangu jikoni, juu ya jani la mgomba, wakati watoto wake walikula kwenye sinia. Zikapita siku nyingi kabla mumewe hajaona. Alipoona, aliingia na mkewe chumbani wakaongea kwa sauti ya chini. Kuanzia hapo nilikula kwenye sinia. Mama yule hakuwa mbaya. Baadaye ndiye aliyenifundisha kushona. Na binti wa tajiri tulikaa benchi moja mwaka mzima bila kuwa marafiki, ila alikuwa akiniazima kifutio.

Nilifaulu mtihani wa darasa la nne, nikachaguliwa kwenda shule ya kati. Mwalimu mkuu alikuja Songambele mwenyewe kumwambia baba. Alimkuta akipanda miche ya kahawa. Mama alipika ndizi kwa maharage, tukala sote nje.

Baba aliuliza, "Na wale wengine waliokuwa wakikata nyasi na binti yangu?"

"Mmoja ameshindwa. Mwingine wazazi walimtoa shule mapema. Waliogopa yasiwapate yaliyokupata wewe."

"Uliwaendea?"

"Niliwaendea, mzee. Walikataa."

Baba alimwongezea maharage. Mwalimu alikula polepole, kisha akaomba baba amwonyeshe shamba lake jipya linaishia wapi.